Neno la Siri la Watu Tisa

Karatasi waliyotaka aisaini ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na kumi kati yake ilikuwa uongo mtupu. Wa kweli ulikuwa ule wa kwanza tu, wenye jina lake na cheo chake: msimamizi wa seva, kitengo cha kompyuta, hospitali kuu. Kuanzia mstari wa pili, Dada Seva, kama walivyozoea kumwita pale kazini, alikuwa anakiri kwamba Jumatatu saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa uzembe wake mwenyewe, alifuta miadi yote ya wagonjwa wa kliniki.

"Saini hapo chini tu, dada yangu," alisema mkuu wa kitengo, akimsogezea kalamu. "Ni utaratibu. Kamati inakaa Alhamisi, na inataka karatasi mezani."

"Nisaini kitu ambacho sikukifanya?"

"Kumbukumbu za mfumo zinasema umefanya. Akaunti ni yako, jina ni lako. Na wewe mwenyewe ndiye unayetuambia kila siku kwamba kumbukumbu hazisemi uongo."

Alisema hivyo huku akitabasamu, tena tabasamu la mtu anayekuhurumia. Hilo tabasamu ndilo lililomchemsha damu Dada Seva kuliko karatasi yenyewe. Kwa maana aliyefuta miadi ile alikuwa ameketi mbele yake, amevaa tai, anamwazima kalamu.

Aliyewahi kukaa na watu wa kompyuta ataelewa jambo lilivyofika hapo. Ambaye hajawahi, aelezwe. Hospitali ilikuwa na akaunti moja yenye mamlaka yote, ya kufungua kila mlango wa mfumo. Ilifunguliwa kwa jina la Dada Seva miaka sita nyuma, wakati kitengo kizima kilikuwa yeye na feni moja mbovu. Baadaye kitengo kikakua, wakawa tisa pamoja na mkuu. Kila mmoja alipaswa kupewa akaunti yake, na kazi hiyo ilihitaji saini ya mkuu. Mkuu alikuwa mtu wa vikao. Aliahidi kusaini wiki ijayo, na wiki ijayo yake haikuwahi kufika.

Kazi nayo haingoji vikao. Daktari anapiga simu skrini imeganda, mgonjwa yuko kitandani. Maabara wanapiga majibu hayatoki. Mtu anageuka kwenye kiti: "Dada, tuazime pasiwedi yako, mara moja tu." Mara moja ikawa kila siku, kila siku ikawa desturi. Mgeni alipoajiriwa, siku ya kwanza alionyeshwa vitu vitatu: choo kilipo, birika la chai lilipo, na neno la siri la Dada Seva. Hakuna aliyeona ajabu. Dada Seva mwenyewe alikuwa akiwacheka manesi waliobandika maneno yao ya siri kwenye skrini kwa vikaratasi vya njano. Kwenye kitengo chao hapakuwa na kikaratasi hata kimoja, maana kila mmoja alikuwa nalo kichwani.

Walikuwa na desturi nyingine pia, na nyingi zilikuwa za kuchekesha. Ijumaa hakuna aliyegusa kitu kinachofanya kazi. Juu ya printa kubwa paliwekwa pakiti ya biskuti isiyoliwa na mtu, eti isije ikanuna. Wote walivaa masweta mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya mashine, na mtumiaji yeyote alipolalamika waliambizana kwamba tatizo liko kati ya kiti na kibodi. Ilikuwa ni kama familia. Dada Seva alikuwa mkubwa wao, na alijivunia hilo, hatuwezi kumsingizia.

Sasa, siku ya Jumatatu. Mkuu alikuwa na wageni kutoka makao makuu, akawaingiza kwenye chumba cha mikutano kuwaonyesha mfumo. Hospitali ilikuwa na seva mbili, yaani kompyuta kuu za kutunza taarifa, zilizofanana kama mapacha, moja ya kweli na moja ya mazoezi. Mchezo wa mkuu mbele ya wageni ulikuwa ni kufuta miadi yote kwenye ile ya mazoezi, kisha kubonyeza kitufe kimoja na kuijaza upya. Wageni hupiga makofi. Siku hiyo aliingia kwa akaunti ya Dada Seva kama kawaida, akafuta, akabonyeza, na skrini ikabaki tupu. Alikuwa ameingia kwenye seva ya kweli.

Miwani, mwandishi wa programu, alikuwa amekaa ubavuni mwake akishughulikia projekta. Nyaya, fundi wa mtandao, alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili waliona. Dada Seva wakati huo alikuwa peke yake kwenye chumba cha seva, amepiga magoti anabadilisha feni ya mashine, na feni haiwezi kumtolea mtu ushahidi. Wageni waliambiwa umeme umecheza, wakanywa chai, wakaenda zao. Dada Seva alipoiona saa ya kufutwa, alijua papo hapo: ni ule mchezo wa mkuu mbele ya wageni.

Alihangaika hadi jioni kurudisha kilichopotea. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku nane nyuma. Miadi ya zamani ilirudi yote. Ile iliyoandikwa ndani ya siku hizo nane haikurudi, nayo ilikuwa ya watu mia sita na kumi na wawili. Jioni hiyo hiyo mkuu akamsogezea ile karatasi, naye akatoka bila kusaini.

Jumanne asubuhi alikwenda mwenyewe dirisha namba tatu la kliniki, akakaa na karani kuwaandika upya wagonjwa mmoja mmoja kwa mkono. Akaja mwanamume wa makamo akisukuma kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikaa mama yake, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi gotini.

"Jina la mama halipo," alisema karani.

"Halipo vipi? Wiki iliyopita mlinipigia simu wenyewe, mkasema tuje leo. Tumetoka nyumbani hakujapambazuka."

"Kaka, kwenye kompyuta halipo. Na daktari wa leo amejaa. Njoo tarehe kumi na tisa."

Yule mama hakugombana. Alimwambia mwanawe, "Twende, baba, labda tumekosea siku sisi." Alisema hivyo, mgonjwa, mguu unamuuma, akajitwika kosa ambalo si lake. Dada Seva alinyanyuka pale dirishani akawakimbilia, akazunguka nao vyumba viwili hadi daktari mmoja akakubali kuwaona. Lakini huwezi kuwakimbilia watu mia sita. Alirudi kitini amejaa hasira, na hasira hiyo haikuwa ya kazi yake tu.

Aliporudi kitengoni alimfuata Miwani.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwepo. Uliona nani alibonyeza."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. "Dada, mimi nilikuwa naangalia waya wa projekta."

"Waya ndio uliouangalia dakika arobaini?"

"Ulikuwa umelegea."

Akamfuata Nyaya, ambaye alikuwa amemfundisha kazi tangu hajui kukata waya. Nyaya hakujisumbua hata kutunga uongo. "Dada, nina watoto watatu na mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Nani anasaini mkataba? Yeye. Nisamehe, lakini kwenye hili nimevaa miwani ya mbao."

"Na mimi nikimwaga unga?"

"Wewe huwezi kukosa kazi, dada. Wewe ni mtaalamu."

Kilemba cha ukoka kile, cha kumsindikiza nje. Alijua fika karatasi ile ikisainiwa maana yake nini: kufukuzwa kwa uzembe, na barua ya kufukuzwa kwa uzembe humfuata mtu wa kompyuta kila anakoomba kazi. Nani atamkabidhi seva zake mtu aliyefuta hospitali nzima?

Jumatano mchana alikwenda kuchukua karatasi zake kwenye printa kubwa, akakuta zimetangulia nyingine. Zilikuwa nane, zote maneno yale yale: *Mimi niliyetajwa hapa sijawahi kutumia akaunti ya msimamizi wa seva, wala silijui neno lake la siri.* Kila moja jina lake, kila moja nafasi ya saini. Ya kwanza ilikuwa ya mkuu wa kitengo. Alizipanga vizuri, akazirudisha pale pale, akaketi. Baada ya muda Miwani alikuja akazichukua bila kumtazama, akazigawa meza kwa meza, na wote wakainama wakasaini. Kalamu zilisikika. Watu ambao asubuhi ile ile, kila mmoja wao, walikuwa wameingia kwa akaunti yake kabla chai haijapoa!

Jioni alipofika nyumbani, mumewe alikuwa anapiga pasi sare za watoto, na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, amekaa karibu na dirisha anatia vifungo shati. Aliwaeleza yote bila hata kuvua viatu.

"Mke wangu," alisema mumewe, "ukigombana na mkuu utashinda wapi? Saini, uombe radhi, pengine watakupunguzia."

"Niombe radhi kwa nani? Yule mama wa kiti cha magurudumu? Yeye ndiye nimwombe radhi, lakini si kwa kosa la bwana yule!"

Mama yake alikata uzi kwa meno. "Mimi mambo yenu ya kompyuta siyajui. Lakini hebu niambie. Ufunguo wa nyumba hii ungewapa watu wanane?"

Dada Seva aliinama, akaanza kuvua viatu.

"Basi na wewe umo," alisema mama. "Umo kidogo, wao wamo sana, ila umo. Kwenye hicho kikao chenu anza na la kwako. Ukishalitoa la kwako, hawana cha kukuziba nacho mdomo."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu alitamani aonewe huruma tu jioni ile. Alikwenda kuoga, akalia kidogo bafuni, akatoka akala.

Alhamisi alifika kazini saa mbili kasoro, kabla ya wenzake. Alikaa kwenye kiti chake akaitazama ile meza ya Miwani, meza ya Nyaya, meza zote. Wamesema hawalijui? Vizuri. Wamesema akaunti ni yake peke yake? Vizuri pia, basi iwe yake. Akafungua mfumo, akabadilisha neno la siri. Hakuwa amepanga mtego wowote. Alifanya kwa hasira, kama mtu anavyobamiza mlango. Kisha akachukua daftari lake na simu yake, akaenda kwenye kikao.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: matroni, ambaye ndiye mwenyekiti, mwanasheria wa hospitali, na afisa utumishi. Mkuu wa kitengo alikaa upande wa pili na kompyuta yake, tai mpya. Mbele ya mwanasheria palikuwa na zile karatasi nane, na ya tisa ambayo haikuwa na saini.

"Kwa nini hujasaini?" aliuliza matroni.

"Kwa sababu si kweli, matroni. Lakini naomba nianze na la kwangu." Alishusha pumzi. "Neno langu la siri nililitoa. Kwanza kwa mtu mmoja, mwishowe kwa kitengo kizima. Sikutakiwa kulitoa, najua, na ninawafundisha watu wasitoe. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Ila Jumatatu sikufuta kitu. Nilikuwa nabadilisha feni. Wanaolitumia neno lile tuko tisa, pamoja na mkuu wangu hapa."

Mwanasheria aligonga zile karatasi kwa kidole. "Watu wanane wameandika kwamba hawalijui. Wanane, mama. Wewe ni mmoja."

"Naona."

"Kwa hiyo wote waongo?"

"Wote."

Mkuu wa kitengo alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama aliyefiwa. "Waheshimiwa, mimi huyu ni dada yangu, inaniuma. Lakini hatuwezi kukaa hapa tukisikiliza maneno ya watu. Tuzitazame kumbukumbu zenyewe, muone kwa macho yenu saa, dakika na jina." Akachomeka waya wa projekta, na ukuta mweupe ukawaka.

Simu ya Dada Seva ilitetemeka juu ya meza. Akaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena.

Kumbukumbu zile hufunguliwa na akaunti moja tu, ile yenye mamlaka yote. Mkuu alikuwa akiongea huku anaandika, macho yakiwa kwa mwanasheria, anaeleza umuhimu wa uwajibikaji katika zama hizi, na vidole vyake vikaenda vyenyewe, kama vinavyokwenda kila siku. Ukutani likatokea jina la akaunti, kubwa, kisha nukta za neno la siri, kisha maandishi mekundu: *Neno la siri si sahihi.*

Akaguna. Akaandika tena. Yakaja mekundu.

Mara ya tatu aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo ikicheza. Mekundu. Akasonya, na bila kuinua uso, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi pale kitengoni, akasema:

"Dada, umebadilisha pasiwedi?"

Afisa utumishi aliacha kuandika. Mkuu akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, na Dada Seva aliona kabisa sekunde alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

"Pasiwedi ya nani, bwana mkuu?" aliuliza matroni kwa upole.

"Ya... ya mfumo, matroni. Neno la mfumo."

"Hapo ukutani naona jina la huyu mama. Nasoma vibaya?"

Mwanasheria alikuwa ameshaivuta ile karatasi ya kwanza kutoka kwenye rundo. Akaiweka mbele ya mkuu. "Saini hii ni yako? Jana tu?"

"Lazima muelewe mazingira ya kazi yetu—"

Simu ilitetemeka kwa mara ya tano au ya sita. "Nani huyo anayekutafuta hivyo?" aliuliza matroni. "Kama ni nyumbani, pokea."

Dada Seva aliigeuza, akatazama, na uso ukamwaka moto. "Si nyumbani," alisema.

"Tusomee."

Akasoma. Kutoka kwa Nyaya: *Dada pasi imekataa, maabara wanapiga kelele.* Kutoka kwa Miwani: *Dada habari za asubuhi, umebadili? Nitumie chapchap.* Kutoka kwa mwenzao anayetunza printa kubwa: *Dada vp, mpya ni ipi?* Alisoma sita, na kila aliposoma jina, mwanasheria alitafuta karatasi yake na kuiweka pembeni. Dada Seva hakuwa na furaha yoyote ya ushindi. Jana hawakuweza hata kumtazama usoni. Leo asubuhi, kabla hata ya kujua kama bado ana kazi, wanamwandikia *Dada, nitumie*. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kikao kinaendaje.

"Basi, inatosha," alisema matroni. Alichukua ile karatasi ya mistari kumi na mmoja, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa gauni lake. Kisha akamwambia mkuu wa kitengo aache kompyuta hapo ilipo, wafuatane kwa mkurugenzi.

Dada Seva naye hakuachwa hivi hivi. Kabla ya saa sita alipewa barua ya onyo kwa kutoa neno lake la siri. Aliisoma mwanzo hadi mwisho, akaona kila mstari ni kweli, akasaini.

Alipotoka aliwakuta wamejaa kwenye korido mbele ya mlango wa kitengo, masweta yao, nyuso zao zimesawijika. Habari zilikuwa zimefika. Nyaya akasogea wa kwanza, akifikicha mikono kama mtoto aliyevunja sahani.

"Dada, tusameheane. Unajua hali ilivyokuwa. Ila kwa sasa tupe hiyo mpya, maabara wamekwama kweli."

"Siitoi."

"Dada, wagonjwa—"

"Usiniambie wagonjwa! Juzi walikuwa mia sita na kumi na wawili, na ulivaa miwani ya mbao." Alisikia sauti yake ikigonga ukuta wa pili wa korido, akaiacha igonge. "Matroni ameagiza kila mtu apate akaunti yake leo hii. Ingieni mmoja mmoja."

Akakaa kwenye kiti chake, akafungua mfumo. Nyaya akakaa mbele yake, akijaribu kucheka.

"Jina kamili," alisema Dada Seva.

"Aa, dada! Miaka minne tuko wote, hunijui?"

"Uliandika jana kwamba hulijui hata neno langu la siri. Jina kamili."

Nyaya alilitaja, polepole, lote, la kwake, la baba na la babu. Dada Seva aliliandika herufi kwa herufi, akamsogezea kibodi.

"Weka neno lako la siri. Usiniambie, sitaki kulijua." Akageuza kiti, akautazama ukuta, akasubiri hadi kibodi iliponyamaza. "Tayari? Haya. Kuanzia leo ukifuta, umefuta wewe."

Nyaya alibaki amekaa kidogo, anaitazama ile skrini yenye jina lake peke yake, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito kuliko alivyodhani. Kisha akainuka.

"Mwingine," aliita Dada Seva.